Shimo Lililovaa Sweta

Mlango wa choo wa nyumba tuliyopanga Kitengela ulikuwa na majira yake. Mvua za Aprili zilipoanza ulivimba na kukwama, na hakuna aliyeweza kuufunga bila kuusukuma kwa bega. Ikifika Agosti, ardhi imekauka na kupasuka, mlango uleule ulilegea ukawa unajifungua wenyewe wakati mtu ameketi ndani. Mama alikuwa ametufundisha la kufanya. Wakati wa kiangazi tuliimba chooni, ili anayepita ajue pana mtu. Wakati wa mvua tulibeba simu.

Sebuleni kulikuwa na ufa ulioanzia kwenye kona ya dirisha ukashuka hadi nyuma ya kochi, mwembamba na wenye kona nyingi kama mto kwenye ramani. Mama aliutundikia kalenda. Ufa ulipochungulia chini ya kalenda, alingoja Januari akatundika nyingine chini ya ile ya kwanza. Wageni walidhani tunapenda sana tarehe.

Kilichomfanya aape kuhama ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Alikuja na wenzake kwa maombi Jumamosi moja ya mvua, akaomba kwenda msalani, akausukuma mlango kwa nguvu za mtu anayeheshimu nyumba za watu, na mlango haukumrudisha. Fundi alichukua saa moja na nusu kufika. Akina mama walihamishia ibada kwenye korido, wakaimba nyimbo tatu wakiuelekea mlango, naye akiitikia sauti ya pili kutoka ndani. Alipotolewa alisema Mungu hukutana na mtu popote. Mama alicheka na wenzake, akawaongezea chai, akawasindikiza hadi getini. Aliporudi aliketi kwenye kochi, akazitazama kalenda zake mbili kwa muda mrefu.

"Kabla nife," alisema, "nitaishi kwa nyumba mlango ukiufunga, unafunga. Ukifungua, unafungua. Sitaki kitu ingine."

Mwaka huo alikuwa amestaafu ualimu. Alikuwa amefundisha darasa la nane kwa miaka mingi, na katika shule zote alizopita alijulikana kwa jambo moja: hakuna mtoto aliyeiba mtihani mbele yake akafika nyumbani salama. Alikuwa na droo nzima ya mwakenya, vile vikaratasi wanafunzi wanavyoandika majibu na kuvificha. Alivitoa kwenye soksi, kwenye vifuniko vya kalamu, na kimoja kilikuwa kimekunjwa ndani ya chapati. Hakuvitupa. Alisema ni kumbukumbu za vipaji vilivyopotea njia.

Kiwanja alichonunua kiko kwenye mteremko, nje kidogo ya mji wa Kajiado ukiiacha barabara ya Namanga. Ni kilima cha nyasi fupi na miiba, na upepo unaopita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Katikati ya mteremko pana mahali pamelala tambarare. Ukisimama hapo asubuhi unaona barabara ikimeta mbali, malori yakitambaa kwenda mpakani, na jua likichomoza bila kuzuiwa na ghorofa ya mtu yeyote. Mama aliposimama hapo mara ya kwanza alivua kiatu kimoja akakiacha pale, akashuka chini kwenda kutazama kiatu chake kutoka mbali, kama mtu anayejaribu picha ukutani.

Jirani wa pekee alikuwa mama wa Kimaasai wa rika lake, mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Mama alimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, naye alimwita mama Mwalimu. Siku hiyo ya kiatu Yeyo alikuwa ameegemea fimbo yake akitutazama.

"Supa, Yeyo," mama alimsalimu.

"Ipa. Unajenga wapi, Mwalimu?"

"Hapa kwa kiatu."

Yeyo alikitazama kiatu, akautazama mteremko wa chini, kisha akakirudia kiatu. "Hapo ni mzuri sana," alisema. "Ni sawa kama meza."

Basi ikawa hapo. Mchoro ukachorwa, tukaupeleka kwenye ofisi ya ujenzi. Karani aliufungua, akaufunga, akatuambia kwamba kiwanja cha mteremko hakipigwi muhuri bila ripoti ya kupima udongo iliyotiwa sahihi na mhandisi. Mama aliuliza udongo unapimwaje. Karani, ambaye alikuwa na foleni nyuma yetu, alijibu kwa ufupi: "Unachukuliwa, unafanyiwa test, tunaangalia kama iko sawa."

Nilimwona mama akibadilika uso. Neno test lilikuwa limemwingia.

Mhandisi tuliyempata kwa simu alikuwa binti mwenye sauti ya haraka. Alisema tuchimbe mashimo mawili kwenye pembe za nyumba, kila moja la kina cha mita moja na nusu, naye atakuja Alhamisi kuchukua udongo. Vijana wa kuchimba walimaliza Jumatatu. Mama aliinama kwenye ukingo wa shimo la kwanza na alichokiona ni udongo mweusi kutoka juu hadi chini, wenye kunata, unaong'aa mahali jembe lilipopita. Aliujua. Ulikuwa ule udongo wa Kitengela, ule unaokunywa maji ukavimba, ukanyimwa ukapasuka. Alikuwa ameishi juu yake akiimba chooni.

"Hii wataifelisha," alisema.

"Si ni vizuri tujue?" nikauliza.

"Wakiifelisha, hakuna muhuri. Hakuna muhuri, hakuna nyumba. Nitazikwa na zile kalenda."

Jumanne asubuhi alinipigia simu na kuniambia tunaenda kumsalimia nyanya. Nyanya anaishi Murang'a, kwenye mgongo wa kilima ambao udongo wake ni mwekundu kama ndani ya mdomo, na nyumba yake ya mawe imesimama pale tangu kabla sijazaliwa bila ufa hata mmoja. Tulienda na pikapu ya kukodi. Nilipoyaona magunia matatu nyuma ya pikapu nilidhani ni ya viazi. Mama alinyakua jembe la nyanya, akaenda chini ya mti wa avokado ambako udongo ni laini, akaanza kujaza.

Nyanya alitoka jikoni akifuta mikono. Alimtazama binti yake aliyestaafu akitoka jasho juu ya gunia.

"Kwani Kajiado hakuna udongo?"

"Uko, Maitũ. Lakini unahitaji kusaidiwa."

Nyanya aliniangalia mimi. Nikayaangalia mawingu.

Jumatano mchana tulikuwa mlimani. Mama alikuwa amepanga kila kitu. Tungechanganya udongo na maji, mzito kama wa kukandika nyumba ya zamani, halafu mmoja wetu ashuke shimoni apake kuta, mwingine ateremshe ndoo. Alikuwa na tatizo la goti.

"Mama, hii ni kuiba mtihani," nilisema nikiwa shimoni, mikono myekundu hadi kwenye kiwiko.

"Si kuiba. Ni kusaidia udongo."

"Watoto wako wote walikuwa wanasema hivyo."

"Na wewe si unatunga vitabu? Kila siku unaandika watu ambao hawako, na unasifiwa. Tunga hilo shimo. Paka pale kwa kona, panaonekana."

Nilipaka. Nakiri kwamba baada ya muda niliifurahia ile kazi. Udongo wa Murang'a ulikuwa baridi na wenye harufu ya majani, ulishika ukuta kwa upole, na kila kiganja changu kilipopita, weusi wa ukuta ulizidi kupotea. Magunia matatu hayakutosha mashimo mawili. Shimo la pili tulilipaka upande mmoja tu, ule ambao mama alikadiria kwamba mtu akishuka ngazi atautazama kwanza.

Tulipoinua vichwa Yeyo alikuwa amesimama pale na mbuzi wake.

"Mnazika nani?" aliuliza.

"Hatuziki mtu, Yeyo. Tunarekebisha shimo."

Aliyatazama magunia matupu. Alitazama mikono yangu. "Sisi tukichimba shimo, tunatoa udongo," alisema polepole, kama anayetusaidia, akaendelea na mbuzi wake.

Alhamisi mhandisi alifika kwa bodaboda, amevaa gambuti na kofia ngumu, mgongoni mkoba wa vifaa na chuma kirefu kama mkuki, chenye uzito wa kuteleza juu yake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, wa umri wangu. Alikunywa chai ya chupa tuliyomletea, akaisifu, akashuka shimo la kwanza. Mama alisimama ukingoni, mikono nyuma, kama alivyosimama mbele ya madarasa yake siku za mtihani. Ila safari hii ndiye aliyekuwa akitoka jasho.

Tulisikia mwiko ukikwaruza. Ukanyamaza. Ukakwaruza tena, polepole.

"Mama," sauti ilitoka chini.

"Naam."

"Hii shimo imevaa sweta."

Mama alifikiri. "Huku juu kuna baridi," alisema.

Mkono ulichomoza kutoka shimoni umeshika kitu cha mviringo, cha kahawia, kimeshikana na tope jekundu. Ilikuwa mbegu ya avokado.

"Na sweta iko na kifungo," mhandisi alisema.

Nilijua ilikotoka. Niliona kabisa kivuli cha mti wa nyanya, na jembe likizama. Mama aliitazama mbegu ile kama alivyokuwa akiwatazama watoto waliotoa mwakenya wenyewe kabla hajawauliza.

"Zamani labda," alianza, "hapa kulikuwa na..."

"Walileta na pikapu jana." Yeyo alikuwa ameketi juu ya jiwe hatua chache kutoka kwetu, na sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Magunia tatu. Mimi nilifikiri ni maiti."

Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka, na mama hajanisamehe mpaka leo. Mhandisi alifuata. Kicheko chake kilitoka shimoni kama cha mtu aliye ndani ya mtungi. Alipopanda juu na kuketi ukingoni, miguu ikining'inia, alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Nimeona watu wakificha mashimo," alisema. "Nimeona mmoja akinipeleka kwa ploti ya jirani. Lakini kupaka, hapana. Mama, wewe ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mwalimu," nilimjibia.

"Nilikuwa nasaidia udongo," mama alisema kwa sauti ndogo.

Mhandisi alichukua donge la udongo mweusi kutoka nyuma ya sweta yetu, akalitia mate, akaliviringisha kati ya viganja hadi likawa nyoka mwembamba. Alilipinda likajikunja kama pete bila kukatika.

"Ona. Hii inashika maji kama mtu mwenye kinyongo. Mvua ikikuja inainua nyumba, jua likikuja inaiachilia. Na hapa palipo sawa ndipo imejaa, imeteremka kutoka juu miaka mingi ikakaa hapa. Sasa, kama nisingekwaruza, mimi ningeandika nyekundu. Wangekupigia muhuri, ujenge. Halafu Aprili..."

"Mlango," mama alisema.

"Mlango gani?"

Basi mama akamsimulia. Alimweleza kuhusu kalenda, kuhusu kuimba, kuhusu mwenyekiti na sauti yake ya pili. Alikuwa ameanza kwa aibu lakini yeye ni mwalimu, hadithi ikimnogea hujisahau, na alipofika kwenye korido aliimba na ubeti wenyewe. Yeyo, aliyekuwa akifuata nusu nusu, aliuliza kama yule mama bado yuko ndani.

"Sasa Mwalimu," mhandisi alisema, "si test ya kufaulu na kuanguka. Udongo utasema vile uko, halafu mimi nakuambia nyumba ikae wapi na msingi ushuke mpaka wapi. Ukitaka kujenga hapa inawezekana, lakini utachimba weusi wote utoe, na utazika nyumba ingine chini ya nyumba."

"Na hizo mbili sitaziweza."

"Basi tutafute mwamba."

Alisimamisha ule mkuki wake palepale kwenye tambarare, akaachilia uzito uanguke. Chuma kilizama kama kijiko kwenye ugali ambao haujaiva. Tuliteremka hatua kumi, akapiga tena, kikazama kidogo. Hatua nyingine kumi na tano, kati ya mawe na vichaka ambapo hakuna nyasi zilizojisumbua kuota, akaachilia uzito, na chuma kikalia. Ulikuwa mlio mkavu, safi, kama kengele ya shule iliyopigwa kwa jiwe. Alisogea hatua tatu, kikalia tena. Akasogea nyingine tatu.

Mama alifumba macho kusikiliza.

"Hapo hapana," Yeyo alisema.

Wote tulimgeukia. Alikuwa amesimama na, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alikuwa na haraka.

"Hapo ni njia ya mbuzi. Wanapita kwenda kunywa maji."

Nilitazama chini. Kweli, kati ya mawe palikuwa na kijia kilichosuguliwa na kwato hadi kikang'aa. Nilimwona mama akikitazama, kisha akiinua macho hadi juu ambako kiatu chake kiliwahi kukaa.

"Yeyo. Si wewe ndio uliniambia kule juu ni kama meza?"

"Si ni kama meza?"

"Ulikuwa unajua huku chini ni mwamba."

"Hukuniuliza chini. Ulinionyesha kiatu."

Nilimfahamu mama vya kutosha kujua kinachokuja, na bado nilikosea. Alianza kucheka. Alicheka akishika goti lake bovu, akamwendea Yeyo, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtu aliyefiwa au aliyeshinda.

"Kumbe tuko wawili," alimwambia. "Wewe umeficha mwamba, mimi nimeficha udongo. Sisi wote tungeenda nyumbani na viboko."

"Mimi sijabeba magunia," Yeyo alisema, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kumtoroka.

Walielewana pale pale, wakiwa wamesimama juu ya mawe, kwa Kiswahili cha mama cha darasani na cha Yeyo cha sokoni. Nyumba itageuzwa kidogo, njia itapita upande wa jikoni, na hakuna ua utakaowekwa upande huo. Mhandisi alisema shimo jipya lichimbwe hapo, mchana huohuo, akiangalia. Aliongeza kwamba kwa vile familia hii ina historia, patahitajika msimamizi wa mtihani. Yeyo aliketi kwenye jiwe, fimbo magotini, na hakubandua macho yake kwangu hadi shimo likaisha. Halikuwa refu. Nusu mita tu na jembe likagoma.

Kabla ya kuondoka nilimkuta mama peke yake kule juu kwenye tambarare. Malori yalikuwa yakitambaa mbali. Nilisimama kando yake, kwa sababu nilijua alichokuwa akikiaga. Kutoka kule chini barabara haionekani, na jua linachelewa.

"Nitakuwa naleta kiti," alisema. "Nikitaka kuona, napanda na kiti. Lakini kulala, nalala pale panapolia."

Ripoti ilikuja baada ya majuma machache, ndani ya bahasha nene. Ndani mlikuwa na kurasa za majedwali ambazo mama alizisoma zote kwa kalamu nyekundu mkononi, akasahihisha nukta mbili na herufi kubwa moja. Nyuma kabisa, umebanwa kwa pini, kulikuwa na mfuko mdogo wa plastiki kama ile mhandisi anayotilia udongo wa maabara, wenye kibandiko kilichoandikwa kwa mkono: Shimo la kwanza. Kina: mita moja na nusu. Asili: si hapa. Ndani ya mfuko ilikuwa mbegu ya avokado. Mama aliutia kwenye droo, pamoja na kile kikaratasi cha chapati.

Muhuri ulipigwa. Nyumba ikajengwa juu ya mwamba, ndogo kuliko ile ya kwenye mchoro, imegeuza kisogo chake kwa upepo. Asubuhi mbuzi hupita chini ya dirisha la jikoni, na mmoja, yule mweupe, hutia kichwa ndani kutazama kinachopikwa.

Mvua ndefu za kwanza zilipoanguka nilikuwa Nairobi. Kulinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano asubuhi simu ililia, na kabla sijasalimia mama aliniamuru ninyamaze.

"Sikiliza," alisema.

Nilisikia hatua zake, mvua kwenye mabati, kengele ya mbuzi mahali fulani. Kisha mlio mfupi, laini, wa komeo likiingia mahali pake.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hiyo ni ya mbele. Ngoja, usikate." Hatua tena. Komeo tena. "Hiyo ni ya chumba. Yeyo yuko hapa, amefunga na kufungua milango yote kutoka asubuhi, nimemwambia ataimaliza. Anasema kile kiti chetu kule juu kimezama mpaka kwa magoti. Ngoja sasa. Ngoja usikie ya choo."